Mtaro Mmoja, Mifuko Minne

Waheshimiwa madiwani, ndugu wakurugenzi, wahandisi, maofisa mipango, wenyeviti wa mitaa.

Kila mvua kubwa ikishapita swali ni lile lile: fedha za kujenga mitaro itakayohimili mvua za sasa zitoke wapi? Tutalijibu. Kabla ya hapo tunaomba mtaro wenyewe uletwe mezani na vipimo vyake, maana jibu limo ndani ya vipimo hivyo. Mtaro mmoja hubeba madeni manne, na kila deni lina mfuko wake. Halmashauri nyingi huyafunga yote manne katika andiko moja, hulipeleka kwa mfadhili mmoja, na andiko hurudi.

Chukueni mtaa wa mfano wenye hekta 45, mvua kali ya milimita 80 kwa saa. Kanuni ya mabonde madogo ya mjini ni nyepesi: zidisha kiwango cha mvua kwa ukubwa wa eneo, zidisha tena kwa sehemu ya mvua ambayo ardhi haiinyonyi, kisha gawa kwa 360. Mtaa huo ulipokuwa na miembe, viwanja vya udongo na nyumba za hapa na pale, nusu ya mvua ilizama ardhini. Hesabu inatoa mita za ujazo 5 kwa sekunde. Leo mtaa umejaa mabati, vigae vya uani, maegesho ya zege na lami, na sehemu inayotiririka imefika 0.8. Kwa mvua ile ile, bila tone la ziada, maji yanakuwa mita za ujazo 8. Sasa ongezeni tabianchi. Mvua ikizidi ukali kwa asilimia 20, yaani milimita 96 kwa saa, tunafika 9.6.

Tazameni ongezeko lilivyogawanyika. Kutoka 5 hadi 9.6 ni nyongeza ya 4.6. Kati ya hiyo, 3 imeletwa na ujenzi wetu wenyewe na 1.6 imeletwa na hali ya hewa. Mtu akisema mafuriko yote ni ya mabadiliko ya tabianchi, mpimaji wa mfuko wa tabianchi atamrudisha kwenye hesabu hii hii. Tukiifanya sisi kwanza, hana la kuturudishia.

Tuiweke katika zege. Mtaro wa zege wenye upana wa mita 2 na mteremko wa mita 3 kwa kila kilomita hupitisha mita za ujazo 5 ukiwa na kina cha mita 1.1 hivi. Kupitisha 8 unahitaji kina cha mita 1.55. Ukishusha hadi mita 1.8 unapitisha 9.8, yaani umeshaibeba mvua ya kesho. Tofauti kati ya mtaro wa leo na mtaro wa kesho ni sentimita 25 za kina, ukiamua wakati mchoro uko bado kwenye karatasi. Ukiamua baada ya miaka kumi, unavunja kuta, unahamisha mabomba, unafunga barabara na unaanza upya.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotuumiza zaidi. Mtaro huo huo wa mita 1.8, uliojengwa vizuri na kuzinduliwa kwa utepe, ukiingiwa na mchanga wa nusu mita na taka zikaongeza mkwaruzo unaopunguza kasi ya maji, haupitishi tena 9.8. Unapitisha 4.9. Sentimita 50 za mchanga zimefuta nyongeza ya tabianchi, zimefuta nyongeza ya mabati na vigae, na zimeturudisha chini kidogo ya mtaro wa zamani. Deni limebaki, faida imekwenda na mchanga.

Sasa tuiangalie mifuko.

Deni la kwanza ni la zamani: zile mita za ujazo 5 ambazo zilipaswa kujengewa mtaro siku viwanja vilipogawiwa. Hili ni deni la maendeleo. Mfuko wake ni Serikali Kuu, TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) na mikopo yenye masharti nafuu inayokopwa na taifa. Mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2015 kwa mkopo wa dola milioni 300, ndivyo ulivyojenga barabara na mitaro mikubwa Kinondoni, Ilala na Temeke. Mradi wa Bonde la Msimbazi ulioidhinishwa mwaka 2022 umekwenda hivyo hivyo: dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia, na juu yake fedha za Hispania na Uholanzi. Halmashauri hapa si mkopaji, na hilo ni jema, kwa sababu mkopo wa dola hulipwa kwa dola zinazonunuliwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa takribani shilingi 2,300. Mwaka mmoja baadaye ilivuka 2,500. Dola milioni 10 zilizokuwa deni la shilingi bilioni 23 zikawa zaidi ya bilioni 25, wala hakuna hata mita moja ya mtaro iliyoongezeka. Mzigo wa namna hiyo ubebwe na Hazina, si na halmashauri inayotegemea ushuru wa masoko na stendi.

Deni la pili, zile mita za ujazo 3, ni la mabati na zege. Hapa tunaomba ujasiri wa madiwani, kwa sababu mfuko wake ni wajenzi wenyewe na chombo chenu ni kibali cha ujenzi. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Ni simtanki moja. Kosa linalofanyika ni kuandika kwenye kibali "aweke tanki la maji ya mvua" na kuishia hapo. Mwenye nyumba analijaza mvua ya kwanza, analitunza kama akiba yake, na mvua ya pili ambayo ndiyo ya hatari inakuta tanki limejaa, inapita juu moja kwa moja hadi mtaroni. Tanki la kupunguza mafuriko liwe na tundu dogo katikati ya kimo chake: nusu ya chini ni akiba ya mwenye nyumba, nusu ya juu hujimwaga taratibu kwa saa kadhaa na kubaki wazi ikingoja. Kwa hiyo paa la mita 100 linahitaji lita 10,000, si 5,000. Kwa nyumba ya kawaida hilo ni zito, hatulisemi kwa wepesi. Lakini kwa ghala, kituo cha mafuta, ukumbi wa sherehe na maegesho ya magari mia, ni gharama ndogo ndani ya ujenzi wao. Anzeni na hao. Miji mingi ya Ujerumani hutoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba iliyozibwa, na mwenye kuondoa zege uani hupunguziwa. Kodi yetu ya majengo, inayokatwa tunaponunua umeme wa LUKU, haijui kama uwanja wako ni bustani au ni zege tupu.

Deni la tatu ni zile 1.6, na hili ndilo la mifuko ya tabianchi. Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi uliongeza kikomo chake kwa kila nchi kutoka dola milioni 10 hadi milioni 20 mwaka 2021. NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ni taasisi iliyoidhinishwa kuufikia moja kwa moja. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi unafikiwa kupitia Benki ya CRDB, iliyopata ithibati mwaka 2019. Ukuta wa bahari wa Barabara ya Barack Obama pale Dar es Salaam ni matunda ya huo Mfuko wa Kukabiliana. Wachambuzi wa mifuko hii huuliza swali moja kwa sura nyingi: je, hili ni tatizo la tabianchi au ni mtaro ambao hamkuwahi kuujenga? Andiko lenu liweke michoro miwili ya mtaro mmoja, wa mita 1.55 na wa mita 1.8, kila mmoja na makadirio yake ya gharama, halafu muombe tofauti. Muambatishe takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa za miaka mingi kadiri zinavyopatikana, zikionyesha mvua za saa moja na za saa tatu, si jumla ya mwezi. Mwezi unaweza kuwa na mvua ya wastani na bado saa moja ndani yake ikaangusha ukuta.

Na muwe waangalifu na hizo sentimita 25. Pwani haziwezekani kila mahali. Mdomo wa mtaro ukiwa chini ya usawa wa maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi, kuchimba zaidi ni kuialika bahari ndani. Dar es Salaam maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mto hauna pa kwenda. Hapo badala ya kushuka, panueni: upana wa mita 2.3 kwa kina kile kile cha 1.55 unapitisha takribani 9.9. Vilango vya kujifunga mdomoni husaidia, lakini chupa moja ya plastiki na kipande cha mti hukiacha kilango wazi nusu, na bahari inaingia usiku kucha. Kilango bila mtu wa kukikagua kisinunuliwe.

Tuseme kidogo kuhusu hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, kwa kuwa zinavutia masikio siku hizi. Mamlaka ya Maji Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Tunaipongeza kwa dhati. Lakini fanyeni hesabu ya riba: kabla mtaji haujaanza kupungua, ni takribani shilingi bilioni 7.2 kwa mwaka. Tanga wanaweza kuahidi malipo hayo kwa sababu kila nyumba ina mita na kila mwezi kuna bili. Mtaro hauna mita. Hakuna anayelipa bili kwa maji yaliyopita mbali na mlango wake. Halmashauri ikikopa sokoni kujenga mtaro itailipa riba kwa fedha za zahanati. Zaidi ya hapo, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inataka idhini ya Waziri kwa mkopo wowote wa halmashauri. Hatifungani iwe kwa soko, stendi, maji, machinjio: vitu vyenye geti la kukusanyia. Soko jipya likijengwa kwa fedha hizo, mtaro wake na sakafu yake iliyoinuliwa viingizwe humo humo kwenye gharama. Hiyo ndiyo njia halali ya mtaro kuingia Soko la Hisa.

Nini kinachelewesha fedha hata zikiwa zimeidhinishwa? Mara nyingi ni fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Uthamini una uhai wa miaka miwili. Ukipita bila malipo unafanywa upya, na bei zimepanda. Benki ya Dunia kwa upande wake inataka hata asiye na hati alipwe nyumba yake na asaidiwe kuhama, na haitaki tingatinga liingie kipande ambacho watu wake hawajalipwa. Kwa hiyo ratiba ya mradi haianzi na zege, inaanza na mthamini, na fedha ya fidia iwe tayari kabla mthamini hajapiga picha ya mlango wa kwanza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtaa mzima ukiwa ndani ya mita hizo, familia zimezaa na kuzika hapo, mchoro wa mtaro hauwezi kujifanya haziko. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Waliokaa bondeni walikuwa wanaijua hatari. Walikosa pa kwenda penye kazi na nauli wanayoiweza.

Ndugu wahandisi, maandalizi yana gharama, na hakuna mfadhili anayependa kuyalipia. Upimaji, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina kwa kawaida huchukua asilimia 5 hadi 10 ya gharama za ujenzi. Halmashauri isiyo na fungu hilo husubiri mradi uje, na mradi huenda kwa mwenye michoro. Yapo mambo yanayowezekana kwa fedha ndogo. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe kuchora mitaro, kalavati na mipaka ya mafuriko mtaa kwa mtaa. Mjumbe anajua maji yalifika tofali la ngapi mwaka gani. Andikeni alama hizo ukutani, pimeni usawa wake kwa chombo, na mna kielelezo ambacho mshauri wa kigeni angelipwa miezi kukitafuta.

Usanifu uanzie mdomoni na kupanda juu. Ukipanua mtaro wa juu ukaacha kalavati nyembamba chini yake, umelihamisha furiko kutoka kwa jirani wa juu kwenda kwa jirani wa chini, na sasa linafika haraka zaidi. Kagueni pia mabomba ya maji na nyaya zilizopitishwa katikati ya kalavati. Bomba moja la inchi 6 linatosha kushika godoro, godoro linashika matawi, na saa moja baadaye kalavati limekuwa bwawa.

Neno la mvua ya miaka 25 nalo lifafanuliwe kwa baraza kabla halijapitisha bajeti. Halimaanishi kuwa mvua hiyo itakuja mara moja kila miaka 25. Linamaanisha kuwa kila mwaka ina nafasi ya asilimia 4. Mtaro ukikaa miaka 30, nafasi ya kuiona mvua hiyo angalau mara moja ni asilimia 71. Kwa mtaro wa mtaani hilo linavumilika, maji yatakaa uani saa mbili. Kwa daraja lenye hospitali upande wa pili halivumiliki. Ndiyo maana Jangwani, katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, panajengwa daraja la mita 390 badala ya kuinua tuta, na ndiyo maana karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyowekwa bondeni na kufurika mara kwa mara tangu huduma ianze 2016, inahamishwa. Kuna vitu havilindwi kwa mtaro; vinahamishwa.

Sasa deni la nne, mchanga, na hapa tutakaa kidogo.

Kilomita moja ya mtaro wa mita 2, ikiwa na mchanga wa nusu mita, ina mita za ujazo 1,000. Mchanga ukichimbwa hufumuka kwa robo hivi, unakuwa 1,250. Kwa lori la mita za ujazo 10 hizo ni tripu 125. Zidisheni kwa bei ya tripu ya mji wenu, ongezeni kijiko, ile mashine ya kuchimbia, au vibarua, ongezeni ada ya dampo. Hiyo ndiyo bei ya kilomita moja kwa mwaka mmoja. Hakuna benki ya maendeleo itakayoilipa kila mwaka, wala haipaswi. Mfuko wake ni mapato ya ndani, pamoja na Mfuko wa Barabara kwa mitaro ya kando ya barabara za TARURA, ambao tangu 2021 unaongezewa tozo ya shilingi 100 kwa lita ya mafuta. Kenya, Kaunti ya Makueni ilijifunga kwa kanuni mwaka 2015 kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wake wa tabianchi. Sheria ndogo ya namna hiyo, inayotaja mchanga kwa jina, baraza lolote linaweza kuitunga.

Tatizo ni kwamba mto una wenyewe watatu. Barabara na kalavati ni za TARURA, taka ni za halmashauri, maji yenyewe ni ya bodi ya bonde. Msimbazi uko chini ya Wami/Ruvu. Mchanga ukikaa chini ya kalavati penye taka, kila mmoja anaona ni wa mwenzake. Wekeni makubaliano ya maandishi, kwa namba za vituo vya upimaji: kutoka kituo fulani hadi kituo fulani anazibua fulani. Na mchanga hauzaliwi mtaroni. Unatoka kwenye miteremko iliyovuliwa miti na machimbo ya mchanga juu ya mto, na kwa Msimbazi hiyo ni milima ya Pugu. Shimo la kutegea mchanga kabla haujaingia kwenye zege, lenye njia ya kijiko kuingia na kutoka, ni rahisi kulizibua kuliko kilomita tano za mtaro uliobanwa na nyumba. Wasanifu hulisahau shimo, au hulichora bila njia ya kijiko. Likijaa mara ya kwanza, ndiyo mwisho wake.

Kosa kubwa zaidi ni la kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Fungu likishuka robo ya mwisho, kazi inafanyika Aprili hadi Juni, katikati ya masika. Mchanga unachimbwa ukiwa uji, unarundikwa ukingoni kwa kuwa lori halifiki kwenye tope, na mvua ya wiki inayofuata inaurudisha wote ndani. Mkandarasi amelipwa, mtaro umejaa. Zabuni itangazwe Julai, uzibuaji wa kwanza ufanyike Septemba kabla ya vuli na wa pili Februari kabla ya masika. Mkataba ulipe kwa mita za ujazo zilizofika dampo, kwa risiti ya kila tripu, si kwa mita za mtaro "uliosafishwa". Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambavyo sheria inavitengea sehemu ya manunuzi ya umma, viingie kwenye mitaro midogo ambako kijiko hakipiti. Wapewe kipande kile kile mwaka mzima, wakijue mahali kinapoziba.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha bajeti, mhandisi wa kila halmashauri achukue fimbo iliyowekewa alama kila sentimita 10, apite mtaro mkuu mmoja kuanzia mdomoni, apime kina cha mchanga kila mita 100 na kukiandika pamoja na tarehe. Arudi Juni, vituo vile vile, fimbo ile ile. Karatasi hizo mbili zije mezani kwa madiwani kabla ya andiko lolote la kuomba fedha za mtaro mpya.